Mafuta ya haradali: kabla hujamchua mtoto, soma chupa kwanza

Jamani, kipindi hiki cha baridi maswali kuhusu mafuta ya haradali yamezidi, na yale majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni nusu kweli nusu uzushi, so ofisini kwetu, tunakopokea malalamiko ya wanunuzi, wakasema niandike mimi. Punje ya haradali mnaijua, iko kwenye Biblia na kwenye Kurani. Haya ndio mafuta yake ya kukamua, Wahindi wanayaita sarson ka tel, ukifungua kifuniko tu pua inawaka na machozi yanakuja.

Swali linaloletwa kila siku: "chupa yangu imeandikwa kwa matumizi ya nje tu, nimeuziwa feki?" Sio feki. Marekani hawaruhusu mafuta haya yauzwe kama ya kupikia kwa sababu yana asidi ya erusiki nyingi (ni aina ya asidi ya mafuta), asilimia 20 mpaka 40 na saa zingine zaidi, sasa wafungashaji wanaolenga soko lile wanaandika hivyo. Mafuta hayohayo kule Kolkata, India, yanakaanga samaki kila siku. Madukani kwetu unaweza kuzikuta chupa za aina zote mbili zimekaa shelfu moja, ndo mkanganyiko unapoanzia.

Alafu kuna wale wa "mbona Wahindi wanakula miaka yote na hawafi?" Hakuna aliyesema utakufa kesho! Panya waliolishwa asidi hiyo kwa wingi walijaa mafuta kwenye misuli ya moyo, kwa binadamu madhara hayo hayajathibitishwa hivyo, na serikali zimeamua tofauti kwa tahadhari. Ni hivyo tu.

Tuje kwenye Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, maana watu wanaitaja bila kuisoma. Maandiko ya kale ya Charaka, mganga wa India ya zamani, yanasema mafuta ya haradali ni makali na ya moto, yanapunguza kapha (tuseme baridi na makohozi) na vata yaani upepo, yanasaidia muwasho wa ngozi, ila palepale yanasema yanachafua damu na pitta, ule umoto wa mwili. Yaani wenyewe walishaweka onyo. Ndio maana India ya kaskazini ni mafuta ya msimu wa baridi: wanayapasha na punje za vitunguu saumu na ajwaini (kiungo cha mbegu ndogo) mpaka kitunguu kiwe kahawia, yakipoa kidogo wanachua kifua, mgongo na nyayo, wanakaa juani ndio wanaoga. Wengine wanachanganya na chumvi kusugulia fizi. Kwa mtu mzima mwenye ngozi nzima, kuchua hivyo kunapasha mwili na kunatuliza, sina ugomvi nako. Lakini kwa kuchua kwa kawaida Ayurveda inayoyasifia zaidi ni mafuta ya ufuta, na ufuta tunao tele hapa, sijui kwa nini hatuusikii.

Kudondoshea puani naomba muache, hasa kwa watoto, mafuta yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia. Hata wizara ya India ya tiba za asili, ile AYUSH, mwaka 2020 iliposhauri kupaka mafuta puani ilitaja ufuta, nazi na samli. Haradali haikuwepo. Na kichanga msimchue na haradali, ngozi yake bado changa na ukali huu unaiwasha. Kule Dhaka, Bangladesh, watafiti walipowapaka njiti mafuta ya alizeti maambukizi yalipungua, na matokeo yale yako wazi tangu 2005.

Sasa la kuchakachua, hapa naomba mnisikilize vizuri. Delhi mwaka 1998 mafuta ya haradali yalichanganywa na ya mbegu za argemone, ule mmea wa miiba wenye ua la njano ambao hata Afrika Mashariki unaota kama magugu. Watu walivimba miguu, wakakosa pumzi, moyo ukashindwa, zaidi ya 60 wakafariki. Tangu Juni 2021 India wamekataza kabisa kuchanganya mafuta ya haradali na mafuta mengine ya kula. Sheria yao ya chakula ya 2006 iko hivi: mkaguzi akichukua sampuli anaigawa mafungu manne, moja linaenda kwa mchambuzi ambaye ana siku 14 kutoa ripoti, muuzaji asiporidhika ana siku 30 kukata rufaa. Chakula cha chini ya kiwango faini mpaka rupia laki 5, tangazo la kupotosha mpaka laki 10, na kikiua mtu ni jela kuanzia miaka 7 hadi maisha na faini isiyopungua laki 10. Mnunuzi wa kawaida naye anaruhusiwa kupeleka chakula kipimwe, ila ada analipa mwenyewe na muuzaji lazima aambiwe palepale wakati wa kununua. Mafuta yaliyofungashwa kama chakula kwa soko la huko yana namba ya leseni yenye tarakimu 14, itafute kwenye lebo.

Kwaiyo usinunue ya kupimiwa. Kuna mama alituletea malalamiko, mtoto katoka vipele, mafuta yako kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kifuniko cha soda, kanunua kwa mtu anayepita mtaani. Fomu yetu ina sehemu ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Zote nimeacha wazi, na chupa bado iko kwenye droo yangu inanukia ofisi nzima.