Shokapu ya usukani kwenye Land Cruiser pikapu ya zamani: dhana potofu na ukweli

Land Cruiser pikapu za mfululizo wa 75, zilizoingia sokoni kuanzia 1984, bado zinapiga kazi. Mbele zina ekseli nzima iliyokaa juu ya springi za bapa. Ekseli ya namna hiyo ni imara, lakini gurudumu moja likipigwa na shimo, la pili linahisi, na usukani nao. Ndiyo maana kuna shokapu ya usukani, kifaa cha kupunguza mishtuko inayofika kwenye usukani, na ndiyo maana inasingiziwa mambo mengi.

“Usukani unatetemeka, basi shokapu imekufa.”

Dhana hii inakula pesa kuliko zote, tena ni ya hatari. Shokapu hupunguza mishtuko tu: mafuta yanapenyezwa kwenye matundu madogo, mwendo wa ghafla unazuiwa na wa taratibu unapita. Chanzo cha mtetemo kiko kwingine. Ni tairi zisizo na balansi, beringi za kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia), tairodi endi (viungo vya ncha za fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele), bushi za springi, au kasta (mwinamo wa kingpini kuelekea nyuma) iliyoharibika baada ya gari kuongezwa kimo. Ukifunga shokapu mpya juu ya ulegevu huo utapata nafuu ya muda, huku ulegevu ukizidi kukua chini kwa chini. Sipendi kabisa kuona fundi anauza nafuu hiyo kwa mtu anayepakia abiria.

Kabla ya kununua chochote, nyanyua gurudumu la mbele kwa jeki. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, halafu tikisa tena. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu ndizo zimelegea; ukibaki, geukia kingpini. Tairodi endi kagua gari likiwa chini: mtu azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, wewe ukiwa umezishika kwa vidole. Ulegevu utausikia mkononi kabla macho hayajauona.

“Gari linavuta upande mmoja kwa sababu ya shokapu.”

Shokapu ya mafuta haivuti. Angalia upepo wa tairi, breki inayong'ang'ania na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu). Ya gesi ndiyo inaweza kusukuma usukani kidogo, kwa kuwa gesi hutaka kutoa fimbo ya shokapu nje muda wote.

“Shokapu yoyote yenye urefu huo itafaa.”

Shokapu nyingi za magurudumu zimeundwa zisimame. Ukiilaza ile ya kawaida ya mafuta, hewa iliyo ndani inaingia kwenye vali, na usukani unapata sehemu isiyo na ukinzani wowote. Pia ukinzani wake wakati wa kuvutwa ni mkubwa kuliko wakati wa kubanwa. Ya usukani imetengenezwa ilale, na inatakiwa ikaze sawasawa pande zote mbili.

Urefu nao unadanganya. Ukishafunga, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, na kila upande uchungulie chini. Fimbo lazima ibaki na nafasi. Kinachosimamisha magurudumu ni bolti za stopa, si shokapu. Ikifika mwisho wake kwanza, kila kona kali itaivuta au kuigandamiza, hadi fimbo ipinde au breketi ipasuke kwenye chesisi. Kabla ya kuifunga, ivute na kuisukuma mara kadhaa mpaka ukinzani uwe sawa mwendo wote.

“Nati ikazwe mpaka spana igome.”

Mwisho wenye bushi za mpira ukikazwa hivyo, mpira unapasuka mapema. Mwisho wenye koni (ncha iliyochongoka inayoingia kwenye jicho) unakazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari, na kota pini, ile pini inayozuia nati isifunguke, iwe mpya. Tundu la pini lisipolingana na mkato wa nati, kaza mbele kidogo, usirudishe nyuma. Wakati wa kufungua, gonga ubavuni mwa jicho lililoshika koni. Ukigonga ncha yenye nyuzi unaiharibu, na koni inaweza isitoke.

“Lazima upime alaimenti baada ya kubadilisha.”

Hapana. Shokapu haipangi pembe ya gurudumu lolote. Alaimenti inahitajika kama tairodi imeguswa. Pesa hiyo ipeleke kwenye balansi, kisha rudia kukagua nati zote mbili baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi.