Risasi za sapulasi ni nini, na hatari yake iko wapi

Risasi za sapulasi ni zile zilizotengenezewa jeshi, zikalala ghalani miaka na miaka, halafu jeshi likabadilisha bunduki ama likaona zimezidi, zikauziwa raia wenye leseni. Bei yake huwa ya chini, ndo maana wapiga shabaha huko Marekani wazipenda sana. Zingine ni za .303, za bunduki ya Lee-Enfield, ile ile waliyobeba wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, kwa hivo si ajabu hapa Mombasa moja kuokotwa kwenye sanduku la marehemu babu. Sitaki kumtisha mtu bure, nyingi hulia sawa tu hata baada ya miaka 60, lakini mbovu na nzima kwa nje mara nyingi zafanana, na umri peke yake haukwambii kitu. Kinachoamua ni pale ilipolala hiyo miaka yote, na hapo ndo muuzaji mara nyingi hana jibu.

Tuanze na baruti. Baruti isiyotoa moshi yatokana na nitroselulosi, na nitroselulosi huoza yenyewe polepole tangu siku inatoka kiwandani, huwa yatoa gesi yenye asidi, kwa hivo kiwanda huitia dawa ya kuituliza, na dawa hiyo nayo huisha. Joto ndo laharakisha, hesabu ya haraka ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kuoza yaongezeka kama mara mbili hivi, sasa wewe fikiria sanduku la chuma chini ya mabati Changamwe mwezi wa tatu. Ghala la silaha la Malhazine kule Maputo lililipuka Machi 2007, watu zaidi ya 100 wakafa, na joto kali pamoja na silaha zilizochakaa ndo vilivyolaumiwa. Yale yalikuwa mabomu na maroketi, si risasi peke yake, lakini kemia ni moja. Na baruti iliyooza si lazima iwe dhaifu, wakati mwingine huwaka kwa kasi kuliko ilivyopangwa, presha ikapanda kupita kiasi bunduki inachoweza kuhimili.

Ganda nalo lina maradhi yake. Waingereza kule India walikuwa wakihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua, wakija kuzitoa wakuta maganda yamepasuka shingoni bila ya kuguswa na mtu, na sababu yake ilikuja kuelezwa 1921: amonia ya mikojo ya farasi ilikuwa yaila shaba pale ilipokazwa kwa nguvu kiwandani. Ganda lenye ufa kama huo ukilipiga gesi ya moto yaweza kurudi nyuma, na nyuma ndo kuna jicho lako.

Halafu fataki, kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini. Kikiingia unyevu chaweza kuchelewa: wavuta triga, wasikia tik, kimya, kisha yalia. Hii wapiga shabaha waiita hangifaya, na ndo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu mtu akisikia tik mkono wenyewe wakimbilia bolti, ile komeo ya kufungulia bunduki, afungua, na risasi yalipuka ikiwa nje ya chemba, pale inapokaa kupigwa, vipande vya shaba vyaruka usoni. Ikifanya hivo usiguse kitu, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 kwa uchache, renji zingine zataka dakika nzima.

Kinyume chake ni skwibu, mlio hafifu na bunduki haikupiga bega kama kawaida. Hapo kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga risasi ya pili juu yake mtutu waweza kupasuka. Toa risasi zote, angalia ndani kabla ya chochote kingine. Na ikitokea moja tu kwenye boksi usiseme ni bahati mbaya, weka kando loti nzima, yaani zote zilizotengenezwa pamoja.

Fataki za zamani pia huacha chumvi ndani ya mtutu, na kwa hewa yetu ya bahari kutu haichukui hata wiki, sharti uoshe kwa maji moto siku hiyo hiyo kabla ya mafuta.

Kabla ya kupiga angalia: ukungu wa kijani, ufa, kichwa kinachocheza, fataki iliyochomoza. Yenye moja ya hizo haipigwi.

Na kama huna leseni, umeiokota tu shambani ama kwenye skrapu, usiibebe. Kuwa nayo bila cheti ni kosa chini ya sheria ya silaha, na usithubutu kuikata msumeno upate shaba wala kuitupa motoni. Waweke watoto mbali, kumbuka mahali ilipo, upige 999 ama umwite chifu, polisi waje kuichukua wenyewe.