John Dewey hakusema mtoto aachwe afanye atakavyo

Kwa miaka mingi John Dewey (1859–1952), mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, amelaumiwa kwamba alitaka watoto wajifunze wapendacho na mwalimu akae pembeni. Maandishi yake yanasema vingine kabisa.

Mwaka 1896 alianzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago. Watoto walipika, walisokota nyuzi, waliranda mbao. Aliyepita haraka aliona michezo mitupu. Lakini tazama somo analolieleza katika The School and Society (1899): watoto walipewa pamba waichambue kwa mikono, watoe mbegu. Baada ya nusu saa, walichopata hakikufika hata aunsi moja (kama gramu 28). Hapo wakaelewa wenyewe kwa nini mababu zao walivaa sufu badala ya pamba. Somo la namna hiyo halijipangi lenyewe. Linahitaji mwalimu anayejua vizuri anakoelekea.

Mwaka 1902 aliandika kwamba kumwachia mtoto kila kitu ni kosa, kama ilivyo kosa kumshindilia masomo yasiyogusa maisha yake. Na mwaka 1938, akikaribia miaka 80, alitoa Experience and Education, akiwakosoa hata waliodai kumfuata: si kila tendo linafundisha, na mengine huua hamu ya kujifunza. Ni kitabu kifupi. Mwalimu aanze na hicho kabla ya Democracy and Education cha 1916, ambacho lugha yake ni nzito.