Je, wajua kemikali za kifungashio zinaingiaje kwenye chakula, na nani anapanga kiasi kilicho salama?

Wengi tunadhani sheria ya vifungashio inauliza swali moja tu, hii plastiki ina sumu au haina. Kumbe swali lenyewe ni jingine: zinahama ngapi kutoka kwenye kifungashio kwenda kwenye chakula, na kiasi hicho kinamfanya nini mtu anayekila kila siku miaka yote?

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli, na minyororo yenyewe ni mikubwa mno kutoka. Zinazotoka ni zile ndogo ndogo, mabaki ya malighafi ambayo hayakuungana, vilainishi, na nyingine ambazo kiwanda hakikuziweka kabisa, zimejitengeneza tu wakati plastiki inayeyushwa. Joto, mafuta na muda ndo vinazitoa kwa kasi.

Sasa zinapimwaje? Umoja wa Ulaya wana kanuni ya mwaka 2011 ya plastiki, na maabara hazitumii chakula chenyewe maana ni vigumu kukichambua, wanatumia vimiminika vinavyokiigiza: maji yenye asidi ya siki 3% badala ya vyakula vichachu, mafuta ya mimea badala ya vyakula vya mafuta. Kwa chakula cha kukaa muda mrefu kwenye joto la kawaida, plastiki inawekwa humo siku 10 kwenye nyuzi 40, halafu yale maji ya asidi yanavukizwa yote mpaka yaishe na kinachobaki chini kinawekwa kwenye mizani. Kisizidi miligramu 10 kwa kila kipande cha sentimita 10 kwa 10. Hiyo ni jumla ya vyote vilivyotoka, ila kemikali zenye wasiwasi zaidi zina kikomo chake kila moja.

Na hivyo vikomo vinabadilika, tena sana. Chukua kemikali ya BPA (bisfenoli A), iliyotumika miaka mingi kwenye plastiki ngumu na kwenye utando wa ndani wa makopo ya bati. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiasi cha kuvumilika kwa siku kutoka maikrogramu 4 (sawa na nanogramu 4,000) kwa kila kilo ya uzito wa mtu mpaka nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini, kwa sababu ya madhara waliyoyaona kwenye kinga ya mwili. Wajerumani kwenye taasisi yao ya BfR hawakukubaliana nao, wao wakasema nanogramu 200. Wote wataalamu, na tofauti kati yao ni mara 1,000! Ulaya ikaamua kuipiga marufuku BPA kwenye vifaa vinavyogusa chakula, sheria ikaanza Januari 2025 na viwanda vikapewa muda wa kujipanga, na mimi naona walifanya vizuri sana kuzijumuisha pia bisfenoli nyingine hatari, la sivyo kiwanda kingetoa BPA kikaweka ndugu yake.

Marekani mfumo ni tofauti kidogo. Kampuni inaipelekea FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, taarifa ya kemikali mpya na ushahidi wake, zikipita siku 120 bila pingamizi basi ruksa. Kinachonisumbua hapo ni kwamba ikishapita hakuna ratiba ya lazima ya kuirudia na kuikagua upya.

Kitu kingine ambacho wengi hatukifikirii, kipimo kinafanywa kulingana na matumizi yaliyokusudiwa. Kopo la plastiki lililotengenezwa kuwekea kitu cha baridi limepimwa kwa hali ya baridi, kwa hiyo ukilitumia tena kupashia chakula cha mafuta kwenye maikrowevu unafanya kitu ambacho pengine hakuna maabara iliyowahi kukipima kwa kopo hilo, na hata ile alama ya glasi na uma iliyochorwa chini yake, ya kuonyesha kwamba linafaa kugusa chakula, haisemi lolote kuhusu joto hilo.