Outlook ikikuomba nywila mara ya nne, usiiandike tena

Jumatatu moja, saa mbili na nusu asubuhi, nilipigiwa simu na mhasibu wa ofisi moja hapa Dar es Salaam. Ilikuwa siku ya mishahara na faili la benki lilitakiwa liondoke kabla ya mchana. "Kaka, hii Outlook imenichosha. Naandika nywila, linapotea dirisha, nikishika kazi tu linarudi." Nikamwuliza kama ana uhakika na nywila yenyewe. Alinijibu kwa ukali kidogo, na alikuwa na haki: ndiyo hiyo hiyo aliyoingilia kwenye barua zake kwa Chrome dakika tano zilizopita.

Jibu lile lilinipa nusu ya kazi. Ukiweza kuingia kwa brauza, nywila ni sahihi na akaunti iko wazi. Tatizo liko kati ya Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, na seva inayozungumza nayo, na hata ukiandika mara ishirini hutaliondoa. Unaweza hata kuliongeza, kwa sababu ofisi nyingi zimeweka akaunti ijifunge baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa. Lakini kinachoniumiza zaidi ni kingine. Mfanyakazi aliyezoea kulisha nywila kila dirisha linaloibuka, siku mwizi akimletea dirisha la kwake atalilisha pia. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu "jaribu tena" na kukata simu.

Hatua ya kwanza ni kulitazama dirisha lenyewe. Madirisha haya yapo ya aina mbili. Kuna lile dogo lililoandikwa Windows Security, lenye nafasi ya jina na nywila tu. Kuna na ule ukurasa mweupe wa kuingilia Microsoft 365, mara nyingi wenye nembo ya kampuni yenu, unaoweza kukuomba na namba ya uthibitisho kwenye simu. Tofauti yao ni kubwa. Kwa njia ya zamani Outlook ilibeba jina na nywila yako kila ilipokwenda kwenye seva. Njia ya sasa inafanana na getini kwenye majengo yetu: unaonyesha kitambulisho mara moja, mlinzi anakuandika kitabuni, anakupa beji, na siku nzima unapita kwa beji ile. Microsoft ilianza kuizima njia ya zamani kwenye Exchange Online, huduma ya barua ya Microsoft 365, tarehe 1 Oktoba 2022. Office 2010 haiijui njia mpya kabisa, 2013 inaijua ukiibadilishia mipangilio kwenye rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, na kuanzia 2016 inakuja nayo. Kwa hiyo kama barua zenu ziko Microsoft 365 na bado unatumia Office 2010, dirisha halitakoma. Huwa nawaambia wateja ukweli huo mapema kuliko kuwauzia saa tatu za ufundi usio na matokeo.

Kisha soma jina lililo ndani ya dirisha. Watu hawalisomi. Wanaona sehemu ya nywila, mkono unakwenda. Niliwahi kukaa na katibu muhtasi aliyeandika nywila yake wiki nzima kwenye dirisha lililokuwa na anwani ya bosi aliyestaafu. Sanduku la barua la yule mzee lilikuwa bado limeunganishwa kwenye Outlook yake, akaunti imeshafungwa, na nywila ya dada yule isingeweza kulifungua. Tulilitoa sanduku lile kwenye mipangilio, tukamaliza ndani ya dakika tatu.

Kama jina ni lako, jiulize lini ulibadilisha nywila. Windows huweka nywila za zamani kwenye Credential Manager, ndani ya Control Panel, sehemu ya Windows Credentials. Ukikuta humo mistari ya Outlook au MicrosoftOffice16, funga Outlook, futa mistari hiyo, fungua Outlook upya, andika nywila mara moja. Usiguse mistari ya printa wala ya folda za ofisi, utajitengenezea shida nyingine.

Simu nazo zina mambo. Umebadilisha nywila ofisini asubuhi, lakini simu yako ya zamani, uliyomwachia mtoto nyumbani achezee gemu, bado inagonga seva na nywila ya mwezi uliopita. Akaunti inajifunga, Outlook inakuuliza, tunakufungulia, baada ya nusu saa imejifunga tena. Nikiona akaunti inayojifunga yenyewe namna hiyo, swali langu la kwanza ni moja: barua za ofisi uliziweka kwenye vifaa vingapi? Karibu kila mtu husahau kimoja.

Na tazama saa ya kompyuta. Kwenye kompyuta za mezani zilizozeeka, ile betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma. Kerberos, mfumo wa kuwatambua watumiaji kwenye mitandao ya ofisi yenye Active Directory (daftari la Microsoft la watumiaji na kompyuta za ofisi), kwa kawaida hauvumilii saa zilizopishana zaidi ya dakika 5. Vyeti vya seva navyo vitaonekana havijaanza kutumika. Betri yenyewe, CR2032, inapatikana hata kwa fundi saa.

Sasa nirudi kwa mhasibu. Dirisha lilikuwa lile dogo, jina lilikuwa lake, nywila hakuibadilisha, saa ilikuwa sawa. Nikamwambia abonyeze Cancel, kisha atazame chini kulia kwenye Outlook. Imeandikwa Connected. Ajitumie barua ya majaribio: ikaenda, ikafika. Yaani sanduku lake halikuwa na shida hata kidogo, kuna mlango mwingine uliokuwa ukimdai nywila. Nikauliza nani mwingine anasumbuliwa. Watatu, wote wenye laptopu zao binafsi. Wa kompyuta za mezani, hakuna.

Hapo nikauliza kama kuna kilichobadilishwa wikiendi. Kilikuwepo: tovuti ya ofisi ilihamishiwa Jumamosi kwenye seva ya kampuni nyingine.

Outlook, ikifunguliwa na kila baada ya muda inapokuwa wazi, hutafuta mipangilio yake kwa utaratibu uitwao Autodiscover. Kompyuta zilizojiunga na domeni ya ofisi, yaani mtandao wake unaosimamiwa kwa Active Directory, huuliza kwanza humo ndani, ndiyo maana zile za mezani zilikuwa salama. Laptopu binafsi, zisizojiunga, hazina wa kumwuliza, hivyo hugonga jina tupu lililo baada ya @ kwenye anwani ya barua, ambalo ndilo la tovuti, kabla ya kufika kwenye anwani inayoanza na autodiscover. Seva mpya ya tovuti ilipogongwa ilijibu: jitambulishe. Na yenyewe haimjui mhasibu, barua za ofisi ile ziko kwenye Exchange, seva ya barua ya Microsoft, waliyoiweka wenyewe. Angeandika mpaka jioni.

Ukishika Ctrl na kubofya kulia ikoni ya Outlook pembeni ya saa, utaona Test E-mail AutoConfiguration. Niliiendesha kwa mbali kwenye laptopu yake, na kwenye kichupo cha Log nikaiona anwani ya tovuti imeorodheshwa juu kabisa. Kwenye rejistri, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\AutoDiscover, nikaongeza DWORD (kipengele cha namba) iitwayo ExcludeHttpsRootDomain yenye thamani 1. Nikafungua Outlook upya. Kimya. Waliohamisha tovuti niliwaandikia waizime huduma ile ya Autodiscover kwenye domeni hiyo, wakaizima siku ile ile.

Faili la mishahara liliondoka saa tano kasoro. Wale watatu wengine niliwapigia mmoja mmoja, maana bado walikuwa wanaandika.