Globu ya mashine ya mlango wa banda la gari: chagua kabla ya kupanda ngazi

Wateja wangu wa Capri Point na Isamilo, hapa Mwanza, hunipigia simu wakilalamika kwamba rimoti ya mlango wa banda la gari imechoka, na swali langu la kwanza huwa kama hivi karibuni wamebadilisha globu ya mashine inayouendesha mlango huo, ile inayowaka mlango unapofunguka. Wengi hushangaa, kwa kuwa hawaoni globu inahusiana vipi na rimoti.

Ndani ya kitako cha globu ya LED mna saketi ndogo inayopunguza umeme wa volti 230 kwa kuukata na kuuunganisha maelfu ya mara kwa sekunde. Saketi iliyotengenezwa kwa gharama ndogo, isiyo na kichujio cha kutosha, hutoa kelele za mawimbi ya redio, nayo antena ya mashine, ambayo aghalabu ni waya mfupi tu unaoning'inia karibu na globu hiyohiyo, huzipokea pamoja na ishara ya rimoti inayokuja kwa megahezi 433.92 au, kwa baadhi ya mashine za soko la Marekani, 315. Dalili yake ni ya pekee: mlango unafunguka vizuri ukiwa bado barabarani, lakini ukitaka kuufunga dakika moja baadaye, taa ikiwa inawaka, rimoti haisikiki mpaka usogee karibu kabisa. Kabla ya kununua rimoti mpya, toa globu na ujaribu tena kutoka umbali uleule.

Globu ya kizamani yenye uzi haina kelele hizo, ila mtikisiko wa mota huukata uzi wake mapema, isipokuwa ile iliyoundwa kustahimili mitikisiko. Mimi hupendekeza LED bora, inayoruhusiwa kutumika ndani ya kifuniko kilichofungwa, kwa sababu joto lisipopata pa kutokea huiua saketi. Usizidishe wati zilizoandikwa kwenye mashine.

Angalia pia kitako. Dari zetu nyingi zina holda za pini, ilhali mashine nyingi hutumia globu ya kuzungusha ya milimita 27, na nyingine hutumia globu ndogo ya volti 24 inayofanana na ya gari. Mashine iliyoagizwa Marekani na kuendeshwa kwa transfoma huhitaji globu ya volti 120.

Kazi yenyewe ni fupi. Funga mlango, chomoa plagi ya mashine (kuzima taa kwa kitufe hakutoshi), subiri globu ipoe, kisha fungua kifuniko bila kukilazimisha, kwa kuwa plastiki iliyozeeka hupasuka. Sisi wa kando ya ziwa tutakuta humo wadudu wadogo waliokauka, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Wafagie kwa brashi kavu. Kitambaa chenye maji kisikaribie holda. Kioo kikiwa kimevunjika, shika kitako kwa koleo na ukizungushe taratibu.

Globu mpya isipowaka, chomoa plagi tena na utazame kibati cha katikati ya holda. Mara nyingi kimebonyea kwa kukazwa mno. Kiinue kidogo tu kwa bisibisi nyembamba. Kama bado haiwaki, huenda hitilafu iko kwenye bodi ya mashine, na hapo itabidi fundi aje na mita yake.