Printa iko mezani, kompyuta zinasema haipo

Dada mmoja mwenye steshenari pale Sinza alinipigia simu asubuhi. "Kaka, printa imepotea tena." Nilipofika, wateja walikuwa wamejaa mlangoni na CV zao kwenye flashi. Printa iko mezani, taa ya kijani inawaka, karatasi zipo. Kompyuta zote 3 zinasema haipo mtandaoni. Fundi wa awali kila akiitwa alikuwa anaifuta na kuiweka upya, analipwa, na umeme ukikatika tu tatizo linarudi.

Umeme ndio uliokuwa unaniambia ukweli. Kila kifaa kwenye mtandao kina anwani yake ya IP, yaani namba ya kukipata, na ruta, kile kiboksi cha intaneti, ndiyo inayozigawa. Lakini haizitoi kwa kudumu, inazikopesha kwa muda. Ruta nyingi za bei nafuu zikizimika husahau nani alikopeshwa nini. Umeme ukirudi vifaa vyote vinaomba upya, na simu ya mteja inaweza kuwahi anwani iliyokuwa ya printa. Kompyuta hazina habari, zinaendelea kupeleka kazi kule kule.

Dawa yake ni kuifungia printa anwani moja, na mimi hupenda kufanya hivyo ndani ya ruta. Kwanza, kwenye menyu ya printa yenyewe, toa karatasi ya taarifa za mtandao. Tafuta anwani ya MAC, yaani utambulisho wa kifaa chenyewe: herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbili mbili. Hapa kuwa makini sana. Printa yenye Wi-Fi na tundu la waya huwa na MAC mbili tofauti. Ukifunga ya waya huku printa inatumia Wi-Fi, utahangaika kutwa nzima. Kisha fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ingia sehemu ya DHCP, yaani ya kugawa anwani, na uiambie kwamba MAC hiyo ipewe, kwa mfano, 192.168.1.200 siku zote. Zima printa, iwashe.

Unaweza kuiandika anwani kwenye printa yenyewe pia, ila siku ukibadilisha ruta utajuta. Ruta nyingi za Huawei zinazowekwa laini ya simu hutumia 192.168.8.1, kwa hiyo printa yenye anwani ya 192.168.1 itabaki kisiwani.

Kwenye Windows, ifute printa ya zamani na uongeze mpya kwa kuandika anwani kwa mkono, njia ya TCP/IP. Usiiachie kompyuta ijitafutie, kwa sababu mara nyingi huchagua njia ya WSD, ile ya Windows ya kuzitafuta printa yenyewe, na hiyo imenisumbua ofisi baada ya ofisi.

Kama bado haionekani, angalia kama printa na kompyuta ziko kwenye Wi-Fi moja. Wi-Fi ya wageni kwa kawaida huzuia vifaa visionane. Printa nyingi pia hushika masafa ya GHz 2.4 tu, hivyo usizitafutie mtandao wa GHz 5. Na tafadhali, usifungue mlango wa 9100, ambao printa hupokelea kazi, kwenye ruta ili uprinti ukiwa nyumbani; yeyote aliye kwenye intaneti ataweza kuprinti kwako.

Pale Sinza nilizima swichi kubwa, nikasubiri dakika 5, nikawasha. Tukaprinti kutoka kompyuta zote 3. Dada akaandika 192.168.1.200 kwa kalamu nene, akaibandika kwa selotepu ubavuni mwa printa.